Gunia la Shahidi

Chumba cha nyuma ya ghala,
S.L.P. 47.
9 Machi.

Mpendwa Dada,

Anayekuandikia ni muuaji ambaye dunia haijapata kumwona: nimeua laki mbili kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai. Basi shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji, na mpwa wangu aliyerithi kichwa changu? Mgongo umepoa? Sisi wazima, ila bado tumeduwaa.

Umeuliza habari za mbegu ya mahindi ya marehemu mama, lile gunia ulilonikabidhi umelifunga kwa uzi mwekundu. Najua mbegu ile hakuna mtu mwingine aliye nayo, na mvua zikianza utakuja kuipanda. Nitakujibu, vuta subira.

Mwezi uliopita fukusi walivamia mahindi. Ukitega sikio kwenye gunia unawasikia wanatafuna kama wageni wasiotaka kuaga. Baba akataka kununua dawa dukani. Nikamwambia mimi, niliyerudia darasa la saba mara mbili kwa kulipenda, ninayo dawa.

"Shule yenyewe ilikushindwa," akasema. "Haya, tuharibu wote."

Nikachuma mwarobaini, nikaufunga mafungu, nikauning'iniza darini kivulini, maana jua huula nguvu. Ulipokauka nikatwanga, nikachekecha, nikachanganya na mahindi magunia sita. Fungu moja likabaki darini.

Dada, siku ya tatu ndipo ungeona mambo. Fukusi walitoka kwenye magunia yote sita, wakapanda ukuta msururu kama wanahama nyumba. Mama mdogo alishika ufagio, akaanza kuwafagia. Kusema kweli ufagio ule nao ulisaidia kidogo. Fundi baiskeli, yule asiyesifu hata baiskeli zake, akasema, "Huyu ama mchawi ama kasoma." Nikamjibu kusoma bado.

Gunia la saba sikulitia dawa kusudi. Nililiweka mlangoni liwe shahidi, watu waone tofauti. Kila aliyekuja alichota konzi huku na konzi kule: huku punje, kule vumbi. Wakanibatiza Profesa.

Baba anakusalimu, siku hizi ananiita "mwanangu" mbele za watu. Mama mdogo naye anakusalimu, na fundi baiskeli anamsalimu shemeji. Mola akulaze salama, akuamshe na nguvu.

Mdogo wako anayejivunia kuwa na wewe,
Profesa.

N.B. Bahasha nimeishika tangu asubuhi na gundi imekauka. Jana nililishusha lile fungu la darini. Limefungwa kwa uzi mwekundu. Siku ile ya kufunga mafungu kamba ziliniishia, nikawa nafungua nyuzi za magunia bila kutazama gunia ni la nani. Nimelimwaga gunia la mlangoni sakafuni, nimechambua mpaka chini. Punje nzima ni kumi na tisa, nimezihesabu mara tatu. Baba hajui. Dada, shahidi lilikuwa gunia la mama.