Picha Iliyojaa Kioo

S.L.P. 41,
Geita.
9 Agosti, 1987.

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Assalamu alaikum, wewe na shemeji na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Lindi, na kwamba mguu wa shemeji umepona. Sisi tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya, ila Mama anakula kidogo na malaria ya mwezi uliopita imemwachia.

Kanga ulizotuma zimefika. Mama amezikunja akaziweka sandukuni, hajavaa hata moja.

Simu ya maandishi niliyokupigia Mei ilikuwa na maneno machache, na najua ulibaki na maswali. Ndugu yetu Maulidi hakutolewa. Duara, ndivyo tunavyoliita huku shimo la dhahabu, liliporomoka akiwa chini na wachimbaji wenzake wawili, na mwenye duara akaogopa kupoteza watu wengine. Siku ya nne shimo likafukiwa. Tulimsalia juu ya kifusi, Mama hakuuona uso wake. Picha yake pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa kwenye kadi ya chama, na kadi ilikuwa mfukoni mwake.

Baada ya arobaini Mama akaukumbuka mkanda wa Eustace. Hukuwahi kumwona huyu Eustace. Ana ukumbi wa video karibu na soko, televisheni moja na jenereta yenye kelele kuliko filamu zenyewe. Mwaka juzi wageni fulani walipiga sinema machimboni kwa kamera kubwa, ya kuonyeshwa kwenye kumbi za kwao zenye kitambaa kipana. Kwa kuwa Eustace aliwapa malazi, wakamtumia mkanda wa video kama shukrani. Maulidi alikuwemo, amesimama mwisho kabisa mkono wa kushoto, ameshika sepetu, anacheka. Aliuona mwenyewe mara moja, akajisifia wiki nzima.

Sasa sikiliza kosa langu. Ile picha ilikuwa pana, na televisheni ni kama boksi, kwa hiyo juu na chini palibaki ukanda mweusi. Watu wakanung'unika kwamba wanapunjwa, kwamba Eustace ameficha nusu ya picha. Aliyesimama kuwasemea nilikuwa mimi, na mdomo wangu unaujua. Nilimwambia tumekuja kutazama kioo kizima, siyo kuchungulia ufa wa mlango. Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Eustace akaupeleka mkanda kwa fundi mmoja Mwanza, fundi akaivuta picha mpaka ikajaa kioo, akainakili hivyo kwenye mkanda mwingine. Tukaridhika. Hakuna aliyejiuliza kilichotoka pembeni.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka Mama mchana, Eustace akatuwashia sisi tu. Wachimbaji wa katikati walionekana wakubwa, mpaka jasho lao. Kushoto palitokea bapa la sepetu na mkono mmoja mpaka kwenye kiwiko. Basi. Mama akainuka kwenye benchi, akaisogelea televisheni, akainamisha kichwa na kuchungulia ubavuni mwake. Kisha akamwambia Eustace, kwa upole kama mtu anayeomba maji ya kunywa, "Baba, msogeze kidogo. Mwanangu yuko hapo nyuma."

 Nikamuuliza Eustace mkanda wa kwanza uko wapi. Akasema mikanda ilikuwa imeadimika, fundi aliubakiza kwake akarekodia arusi ya watu. Nilitaka kumkamata shati. Ndipo akaniambia, bila hasira yoyote, "Sabiti, wewe ndiye uliyetaka kioo kijae."

Mama alisikia.

Dada, hajanigombeza. Angenigombeza ningepata usingizi. Ananipakulia chakula, ananiuliza habari za kazi, lakini usoni hanitazami. Siku ile aliomba arudishiwe ule mkono mara tatu, na tangu hapo hajautaja. Naona aibu, na sijui aibu hii nitaipeleka wapi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya arusi yako mpiga picha wa upande wa shemeji aliwapiga watu wote mbele ya nyumba, na nakumbuka Maulidi alisimama ukingoni, nyuma ya wifi zako. Itafute. Kama iko ukutani na humwoni, itoe kwenye fremu uangalie sehemu iliyokunjwa nyuma. Ukimpata, itume nzima hata kama ni kubwa kuliko bahasha. Tafadhali, usiikate.

Nisalimie sana shemeji, Nyamizi na mdogo wake Zamoyoni, na bibi mkwe. Mama anawaombea dua. Mungu awahifadhi nyote, na amlaze Maulidi mahali pema, maana sisi hatukumlaza.

Mdogo wako akupendaye,
Sabiti.