Nilimwambia Mume Wangu Daktari Kasema Nile

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie, na ukitaka kucheka cheka, ila umalize kusoma kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, wateja wananiita Mama Futi kwa sababu ya futi ya kupimia inayoning'inia shingoni kutwa, nimepima viuno vya mtaa mzima isipokuwa changu, maana gauni likinibana nalifumua ubavuni, naongeza kipande, maisha yanaendelea. Miaka kumi sasa nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi unaotoa magamba viwikoni na magotini, nikauzoea, nikawa navaa mikono mirefu, lakini mwaka jana ukahamia kwenye viungo, vidole viwili vya mkono wa kulia vikavimba tangu shinani hadi nchani, kucha zikawa na vishimo vishimo kama kastabini, kile kikofia cha chuma tunachovaa kidoleni tukishona, na asubuhi nikiamka mikono ni migumu saa nzima, siwezi kufunga kifungo, mimi ninayeshonea wenzangu vifungo.

Nikaenda kliniki. Daktari mwenyewe binti ambaye ningeweza kumzaa, akaniambia hiyo ni baridi yabisi inayoandamana na soriasisi, akaandika dawa, akanipandisha kwenye mzani, akaitazama namba, akakohoa kidogo, halafu akasema, "Mama, mafuta yakizidi mwilini hayakai bure, yanachochea uvimbe kwenye viungo, na dawa nayo inafanya kazi kwa shida. Ukipungua hata kidogo utaona nafuu."

Shangazi, nilijiona nimetukanwa. Nimepeleka vidole, nimesomewa makalio! Nikatoka nimevimba kuliko nilivyoingia, dawa sikuchukua, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mume wangu, mpishi wa kantini ya kiwanda, mtu mpole anayenipenda mpaka inaudhi, alikuwa ananisubiri mlangoni akauliza daktari kasemaje, na ulimi hauna mfupa, nikamwambia kasema viungo vimekosa nguvu, nile sana, hasa vitu vya mafuta, ili vilainike.

Tangu siku hiyo sina raha. Kila jioni ananikaangia viazi, mayai matatu, kuku na ngozi yake, glasi ya maziwa mazito juu, anavuta kiti anakaa mbele yangu mpaka sahani iwe nyeupe, nikisema nimeshiba ananibembeleza, "Kula, mke wangu, hii ni dawa." Miezi mitano, Shangazi. Nimeongezeka kilo tisa, vidole vilivyovimba sasa ni vinne, kisigino nacho kimeanza, na wiki iliyopita nikiwa nakata gauni la bibi harusi vidole viligoma, mkasi ukateleza ukapasua kitambaa mpaka mgongoni. Bibi harusi alilia. Mama yake alinitazama tu, na heri angelia naye.

Sasa kliniki wamempigia mume wangu simu kwamba nimekosa miadi, Alhamisi twende wote wawili. Ameshapiga pasi shati, anasema anataka kumshukuru daktari kwa ushauri wa chakula. Nimwambie ukweli, au nitafute ugonjwa mwingine wa kunilaza siku hiyo?

Mama Futi

Mama Futi,

Nimecheka, kwa kuwa umeniruhusu. Sasa kaa nikuseme.

Yule binti hakukutukana. Angekutukana angekwambia ugonjwa umejitakia kwa kula, na hakusema hivyo, kwa sababu wembamba nao wanaugua. Ni kinga ya mwili wako imechanganyikiwa, inavipiga viungo ikidhani ni adui, na mafuta yakizidi ni kama shabiki anayepiga kelele nje ya uwanja: ongeza, ongeza. Kisha viungo vikiuma hutembei, usipotembea unanenepa, ukinenepa vinauma zaidi. Daktari alikuonyesha pa kuingilia, wewe ukamnunia.

Kununa ningekusamehe, hata mimi mzani ulishanitoa machozi. Dawa kuiacha ndiyo sikusamehe. Kiungo kikishaliwa na ugonjwa hakifumuliwi ubavuni kikaongezwa kipande. Na kwa wewe, vidole ndiyo kazi, ndiyo jina.

Jana nilipiga namba uliyoandika chini ya barua, nikitaka kukuuliza kama kuna dawa yoyote unayotumia sasa. Akapokea mumeo. Akadhani mimi mteja, akaniambia huwezi kuja, umeloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha akashusha sauti, akasema ana hofu, mkewe haponi, na anadhani kosa ni lake, huenda anapika kidogo. Kuanzia kesho ataongeza.

Siri ni yako, sikuitoa. Nikaaga, nikakata simu, nikaketi kukuandikia.

Kwa hiyo ugonjwa mwingine usitafute, ulio nao unatosha. Mwambie leo, kabla jiko halijawashwa. Usizunguke, usimsingizie daktari wala masikio yako. Sema, "Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu," basi, unyamaze. Alhamisi mwende wote, uanze dawa, na umuulize daktari mazoezi gani kisigino chako kitayaweza. Usijishindishe njaa, na zile chai za kukondesha zinazouzwa vichochoroni usiziguse. Hutakiwi kuwa kijiti. Kilo chache zikitoka polepole, viungo vitashukuru, na dawa itapata nafasi. Kwa bibi harusi nenda mwenyewe, omba radhi, umtafutie fundi mwenzako akamalize gauni.

Na huyo mumeo ni bahati usiyoijua. Wengine wanaambiwa wale vizuri na nyumbani hakuna hata wa kuwachemshia maji; wewe una mpishi mzima, tena anayekaa kuangalia sahani. Mpe kazi ya kweli. Atakasirika, naam, na umwache akasirike, mtu aliyepika miezi mitano kwa uongo ana haki hiyo. Akishamaliza, kaeni mezani muamue pamoja mtakula nini Alhamisi mkitoka kliniki.