Nilisoma Ndoa ya Nelius, Mdomo Ukataja Jina Langu

Karurumo, Jumanne, 9 Novemba 2004

Mpendwa Mama Kanana wa kipindi cha redio,

Pokea salamu zangu, na tafadhali nisaidie kabla Jumapili haijafika, na ukiona mwandiko unaruka-ruka ujue si kwa woga peke yake, ni furaha pia, hata sijui ni ipi imezidi nyingine. Mimi naitwa Lydiah, nina miaka ishirini na sita, nafundisha watoto wa nasari, tena mimi ndiye karani wa kanisa letu, maana mchungaji ana makanisa manne na kwetu anafika mara moja kwa mwezi, hizo Jumapili zingine Mwinjilisti Ishmael anahubiri na mimi nasoma matangazo.

Shida yangu ni kusoma. Si ati sijui kusoma, nasoma vizuri sana, watu wanasifu sauti yangu, lakini mama, macho yanasoma, mdomo unasoma, na mimi mwenyewe siko. Nimekuwa hivi tangu shule. Kwa mtihani wa kidato cha nne tulipewa ufahamu kuhusu nyuki, nikausoma wote mpaka nukta ya mwisho, kufika kwa maswali nikakuta sijui hata nyuki walifanya nini, nilikuwa nimeenda nyumbani kichwani kuangalia kama ndama amefunguliwa. Siku nyingine nilimsomea nyanya barua ya mjomba aliye Mombasa, kurasa mbili, akaniuliza, "Na huo mguu wake umepona?" Woi! Sikujua kama barua ilikuwa na mguu. Ikabidi nianze tena mwanzo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Kwa kiwanda cha kahawa kuna kijana anaitwa Gichovi, ndiye karani wa mizani, hatukani mtu wala hapunguzi kilo za mtu, na anaimba sauti ya chini kwaya. Mimi huyu Gichovi nampenda tangu mwaka jana na sijawahi kumwambia mtu yeyote ila Mungu. Jumamosi iliyopita nilipeleka kahawa yetu, foleni ndefu, nikafika kwa mizani, akaingiza mkono kwa debe langu akageuza geuza akasema, "Lydiah, wewe unachagua kahawa vizuri, hakuna mbichi hata moja." Basi ni hayo tu aliyosema! Lakini Mama Kanana, nilitembea mpaka nyumbani nikicheka na miti.

Jumapili nikasimama na kitabu cha matangazo, na nasema ukweli, sikuwa nimekipitia tangu Alhamisi. Nikasoma mkutano wa akina mama, nikasoma harambee ya mabati, nikasoma mbuzi wa mzee fulani aliyepotea, na hapo kwa mbuzi ndipo nilipoondoka, nikarudi kwa mizani, debe, mkono, hakuna mbichi hata moja. Iliyofuata ilikuwa ndoa ya Njura na Nelius. Nelius ndiye bibi harusi, tunafundisha naye nasari. Harusi yao ni Jumamosi tarehe 27, na wewe unajua kwetu lazima majina yasomwe kanisani Jumapili tatu, watu waulizwe kama kuna mwenye pingamizi, ndio mchungaji afungishe. Jumapili zenyewe zilikuwa zimebaki tatu kamili, ya juzi ikiwa ya kwanza.

Mimi nikasoma, kwa ile sauti yangu nzuri, kwamba kuna kusudi la ndoa kati ya Gichovi na Lydiah, wote wa kanisa hili, kama kuna anayejua sababu yoyote ya kuwazuia aseme sasa, na hii ni mara ya kwanza ya kuuliza. Haki ya Mungu sikujisikia! Nilisikia vigelegele, ndio nikarudi. Nikaona akina mama wamesimama, Mama Mukami anapiga makofi akiita, "Lydiah wetu! Kumbe ulikuwa unatuficha!" Nikaangalia kitabu, kimeandikwa Njura na Nelius, wino mweusi, mwandiko wangu mwenyewe. Nikaangalia watu. Nikasema, "Matangazo yameishia hapo," nikakaa.

Hapo ndipo aibu inaniua. Nelius alikuwa kwa benchi ya tatu na gauni jipya, anangoja jina lake, alidhani linafuata. Watu wa kina Njura pia walikuwa wanangoja. Halikufuata. Baada ya ibada Nelius alinishika mkono nje akaniuliza polepole, "Lydiah, langu liko wapi?" Nikamwambia nitamweleza baadaye, nikakimbia. Sasa kwao wanasema nilifanya kusudi kwa wivu, na babake Njura anafikiri mchungaji amekataa ndoa.

Na Gichovi? Alikuwa amekaa dirishani. Watu waliulizwa kama wana pingamizi na yeye hakusema kitu, Mama Kanana! Aliangalia viatu vyake na nikaona meno. Nje akapitia kando yangu na baiskeli akasema, "Kumbe tumefika huko?" akaenda zake. Tangu siku hiyo hajasema kitu kingine, lakini leo asubuhi mama yake ametuletea kikapu cha ndizi mbivu na nduma, akamwita mama yangu mkwe! Mama yangu amefurahi analia, ananiuliza mbona sikumwambia. Kila ninapopita naitwa bibi harusi, kiatu changu hakigusi chini.

Mwinjilisti Ishmael naye anadhani ni kweli, alinibariki hapo hapo mbele ya watu. Na Mama Mukami anasema mtu akisema jambo bila yeye mwenyewe kujua, basi si yeye aliyesema, ni Roho.

Kwa hivyo naomba uniambie, je, hii ni dalili kutoka kwa Mungu niache iendelee Jumapili ya pili? Gichovi amenyamaza kwa sababu amekubali ama ananicheka? Na hii akili yangu inayotoroka nikisoma, ni ugonjwa, nimerogwa, ama nitafute dawa? Pia nimsaidie vipi Nelius. Barua nampa binamu yangu anayefanya kazi Meru mjini akuletee mkononi. Ukiisoma redioni tumia majina ya kwanza tu, akina Lydiah ni wengi.

Ni mimi mwenye furaha na hofu,
Lydiah

MAMA KANANA ANAJIBU

Lydiah, akina Lydiah ni wengi, lakini aliyejitangazia ndoa mwenyewe ni mmoja! Kwa hivyo binamu yako namrudisha leo Jumatano na jibu hili mfukoni. Redioni nitalisoma Jumatatu, ukishafanya nitakayokwambia. Usiponisikiliza, utajisikia hewani pamoja na mama yake Gichovi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mzee wangu akatoka shambani kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka. Umeandika sana kuhusu debe, mizani na meno ya Gichovi, na Nelius umemtaja mwishoni kama mtu anayekumbuka chumvi watu wameshaanza kula. Binti huyo alivaa gauni jipya kwenda kusikia jina lake. Amerudi nyumbani bila jina, na harusi yake sasa iko hatarini, kwa sababu Jumapili mbili zilizobaki kabla ya tarehe 27 si tatu. Wewe unaitwa bibi harusi barabarani kwa zamu yake.

Kusema jina lisilo kwenye kitabu, hiyo nakusamehe. Akili ilitoka, mdomo ukabaki peke yake, na mdomo ukiachwa peke yake husema yaliyojaa moyoni. Lakini uliangalia kitabu ukaona kosa, ukaangalia watu, ukachagua kukaa. Hapo akili ilikuwa imerudi, Lydiah. Kuteleza si kuanguka, lakini wewe uliteleza ukaona ni pazuri, ukalala.

Tena hilo la Roho mwambie Mama Mukami nimelikataa. Mungu akitaka kukuoza hahitaji kufuta jina la msichana mwingine.

Leo hii, kabla hujala, nenda kwa kina Nelius. Usimtume mtu, usiandike barua, maana barua zako nimeziona urefu wake. Mwambie, "Nilikuwa nawaza mambo yangu nikasoma vibaya, nikaona kosa nikaogopa kusema." Maneno hayo hayo, mbele ya mama yake. Atakutukana kidogo, meza. Mkitoka hapo pitieni na Nelius kwa babake Njura, asikie kwako kwamba mchungaji hajakataa ndoa ya mtu. Halafu kesho panda uende kwa mchungaji, yeye mwenyewe, si Mwinjilisti, umweleze yote na umuulize kuna njia gani tarehe isivunjike. Mara nyingi kuna kibali kinachoweza kuombwa juu. Akisema hakuna, ni wewe utakayewaambia wenye harusi, si yeye.

Sasa kichwa chako. Hujarogwa. Na dawa usinunue, utauziwa unga wa rangi na bado utamsahau mjomba na mguu wake. Mimi nimefundisha shule miaka ishirini na miwili hapa Kiirua, nimeona watoto wengi kama wewe, na mara nyingi ndio wenye sauti nzuri. Mtu anayesoma kwa shida hawezi kutoroka, anang'ang'ana na kila neno. Wewe unasoma kwa urahisi, kwa hivyo mdomo haukuhitaji, nawe unajiendea zako kiwandani.

Basi upe urahisi huo kazi. Jumamosi mchana shika kitabu cha matangazo, msomee nyanya yako yote, kisha akuulize maswali, na mzee kama huyo hakosi maswali. Ukisoma kanisani weka kidole chini ya mstari, na usione haya, kidole hakijamwaibisha mtu kama ulivyojiaibisha bila kidole. Ukimaliza tangazo moja nyamaza, inua macho umtafute mwenyewe pale kwenye mabenchi. Kama ni mbuzi aliyepotea, mwangalie mwenye mbuzi. Ukimwona mtu hutaweza kumsahau njiani. Na ukigundua umeondoka, hata katikati ya neno, simama useme, "Samahani, narudia." Kwa miaka yangu yote sijazika mtu aliyekufa kwa kurudia mstari.

Na hayo mawazo ya Gichovi usiyafukuze, yatarudi na ndugu zake. Yatengee saa yake. Kaa jikoni Jumamosi jioni umuwaze mpaka maji yachemke na yakauke. Ukiingia kanisani uwe umeshiba.

Tukifika kwa huyo kijana, nakuambia ukweli na najua utaruka: sijui. Wewe pia hujui, na hata mama yake hajui, yeye amesikia tangazo kanisani akaleta ndizi kama mama yeyote mwenye adabu. Kijana akinyamaza mbele ya watu mia mbili, huenda amekubali, huenda amekuhurumia, huenda ameshikwa na kicheko. Meno ni meno. Mtu haolewi na meno.

Ijumaa foleni ikiisha nenda pale kwenye mizani, mchana, watu wakiona, wala usibebe kahawa ya kusingizia. Mwambie, "Nilitaja jina lako kwa sababu nilikuwa nakuwaza. Jumapili nitasahihisha mbele ya watu. Wewe una la kuniambia?" Kisha ufunge huo mdomo, umsikilize mpaka mwisho, na usitoroke kichwani akiwa bado anaongea! Akisema ndiyo, waje wazazi wake kwenu kwa utaratibu, na ndizi nyingine, na siku moja mtu mwingine atasoma majina yenu. Akisema la, utalia wiki mbili, na nduma zitakuwa zimeliwa, basi. Vyovyote atakavyosema, mama yako asikie kutoka kwako kabla hajanunua kitenge.

Naona unafurahi, na mimi nafurahi nawe, sikatai. Kupenda ukiwa na miaka ishirini na sita na kutembea ukicheka na miti ni jambo tamu. Lakini Jumapili ile hukuwa peke yako kanisani.

Kwa hivyo tarehe 14, ukisimama, usianze na mkutano wala mabati. Anza kwa kusema, "Jumapili iliyopita nilisoma jina langu mahali palipoandikwa la mtu mwingine. Halikuwa kweli." Watu watanong'ona. Waache. Weka kidole kwenye mstari, inua macho mtafute Nelius, usome jina lake, na la babake na la mamake, kwa sauti yako yote. Akina mama wakisimama na vigelegele, wewe ubaki umesimama kimya mpaka viishe. Ni vyake.