Filamu ya Wasiojua Wanachotafuta

Mwanangu Masanja,

Nina miaka sabini na tisa. Niliwaona machifu wakiondolewa, nimewazika manju wote walioshindana nami kwenye ngoma, na hata chama cha ushirika kilichonunua pamba yangu tangu ujana nacho kimekufa. Mimi nipo. Kwa hiyo usidhani nitakufa kabla hujanijibu.

Uliondoka Kasoli msimu ule wa pamba bila kuaga. Sasa dada yako ananiambia kule Mwanza unatangaza kwamba filamu yako haikutazamwa na mtu hata mmoja hapa kwenu, ndiyo maana hurudi. Maneno hayo yamenikera. Umenisema mbele za watu, nami nakujibu mbele za watu, barua hii aisome anayetaka. Darasa la pili langu linatosha kuiandika.

Unakumbuka mlivyokuja? Wewe uliyefukuzwa seminari, Kulwa aliyeachishwa kazi kiwandani walipoingia wanunuzi binafsi, na yule Rehema aliyemkimbia mume akavaa suruali. Mliazima kamera ya harusi. Wiki nzima mkatembea katikati ya pamba yangu, mara mnakaa, mara mnalala chini, mmoja anaangalia juu. Nikauliza, "Mnatafuta nini humu?"

"Tunatafuta maana, baba."

"Maana ya nini?"

"Ya kuishi."

Nikakwambia mtu aliyepotelewa na ng'ombe hutaja rangi na pembe, watu wakamsaidia. "Hiyo maana yenu ina rangi gani?" Rehema akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee," akasema, "hilo tunaliweka kwenye filamu." Wewe ukanuna, ukasema nimeharibu sauti.

Basi mkaionyesha mchana, kwenye ghala la ushirika lililobaki na popo tu. Televisheni moja, na jenereta ya Shija, mwenye kibanda cha video, inanguruma nje. Watu walijaa wakidhani kuna mateke, maana kibanda chake kimewazoesha mateke. Wakaona watu watatu wanatembea. Wakangoja. Bado wanatembea. Jirani yetu Mama Ng'wasi akauliza kwa sauti, "Kwani hawa hawana kwao?" Kisha vijana wa kijiji cha Ngulyati wakaanza ngoma ya majembe uwanjani, watu wakaanza kumwagika nje ya ghala.

Sheria ya ngoma unaijua, nilikulea nayo. Manju wawili wanacheza uwanja mmoja, na watu wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi. Mimi sijawahi kukimbiwa. Kuna mwaka wa njaa watu waliacha chakula cha harusi wakaja kwangu. Wewe ulikimbiwa, sikufichi. Lakini manju aliyekimbiwa haachi uwanja. Anaimba mpaka wimbo uishe, hata akibaki na mbuzi. Wewe ukatoka pamoja nao, kichwa chini, ukapanda lori la pamba. Hilo ndilo lililoniudhi.

Na filamu yenyewe inaudhi. Mnatembea, mnatembea, mnafika lambo la kule Nkoma, mnavua viatu, mnatia miguu majini. Kulwa anaanza kulia, na Rehema, badala ya kumwambia nyamaza, anampa kiatu chake akishike. Kisha giza. Ndiyo imekwisha. Ng'wanawane, mwanangu, tangu siku hiyo nachunga ng'ombe nikiwaza kile kiatu. Kwa nini kiatu? Kwa nini siyo mkono? Siku nyingine nadhani nimeelewa, nikifika nyumbani imeshapotea. Nimewauliza watu hapa, hawajui, wao walikuwa kwenye ngoma. Unayejua ni wewe, na wewe umekaa Mwanza umenuna.

Rudi unieleze. Usilete soda wala shuka, mimi vitu ninavyo. Lete ile kaseti ya filamu, na huyo Rehema ukimwona mwambie namngoja na yeye.

Kama unabisha kwamba niliiona, muulize Shija. Ghala lilipobaki na mimi tu juu ya gunia, aliingia kuzima jenereta yake, akasema, "Mzee, watu wamekwisha." Nikamwambia, "Hebu nihesabu na mimi." Muulize kama aliizima.

Ubaki salama huko,

Baba yako