Ubongo wa Kumi na Saba

Kaka Lulama,

Cape Town ni mvua tu. Mama ameniambia mbuzi wako amezaa mapacha, hongera.

Zile picha za ubongo mlizopigwa watu arobaini, wewe ukijitolea kwa ajili yangu, sasa tunazilinganisha. Vichwa havifanani, kwa hiyo kompyuta huvuta na kubana kila ubongo mpaka ulale sawasawa juu ya wenzake. Wa kumi na saba uligoma. Nikadhani kosa ni langu, nikaubana zaidi hadi ukakubali. Vuyani wa meza ya pili akacheka: “Haya, sasa kafanana na watu!” Nikaenda kula.

Jana daktari aliitazama picha ya mwanzo ya ubongo huo, ile ya kabla sijaigusa. Kuna uvimbe. Mimi ndiye niliyeubana ukapotea. Sisi hatuoni majina, tunaona namba tu, basi akafungua daftari lake, akasoma, akaniuliza kama jina lile la ukoo ni letu.

Nikasema ndiyo. Kisha nikaosha kikombe changu.

Njoo Jumatatu. Asali niliyokuagiza usihangaike nayo. Na gari aendeshe shemeji, wewe kaa pembeni yake.

Mdogo wako,
Zintle