Shangazi, Bi Arusi wa Gitothua Nilimchana

Shangazi yangu Dorika,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Sasa wewe nitakuulizaje? Basi nianze na hali yetu. Sisi tupo. Baba bado yuko kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, mgongo unamuuma kama kawaida na habari za dawa hataki kuzisikia. Mume wako, Baba Yakobo, bado anakwenda kazini kwenye mkonge kila asubuhi, ila jioni anarudi Thika kimya kimya na kukaa kwenye kiti chako cha wateja, kile ulichokuwa ukimfukuza asikikalie. Siku hizi hakuna wa kumfukuza. Mimi naona haya kumwambia aondoke, na pia sitaki aondoke.

Chumba chako cha kuchania watu nywele nakifungua mimi. Nawasha jiko la makaa mlangoni, naweka chanuo la chuma juu yake, kisha nakaa nikingoja unigombeze kwamba makaa ni mengi. Chanuo linashika moto, nalitoa, nalipangusa, na hapo ndipo nakumbuka. Kila siku nakumbuka upya, kama mjinga. Nimekukosa vibaya sana, Shangazi. Watu wananiambia nitazoea. Nawaitikia tu ili waniache.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa nimetoka kwetu Maragoli, baba ameniita nije nichume kahawa, na wewe ukanishika mikono mbele yake ukaigeuza geuza. "Huyu ana vidole virefu, usiniharibie na kahawa. Nipe mimi nimfunze." Nikadhani kesho yake nitakuwa nachoma watu nywele. Kumbe! Ulinipa fungu la mkonge alilokuletea Baba Yakobo kutoka kiwandani, ukalifunga kwenye mgongo wa kiti, ukaniambia nigawe mistari. Niligawa mkonge mpaka vidole vikachubuka. Nilisuka mkonge kwa uzi mweusi, nikaufumua, nikausuka tena. Siku uliponiruhusu kushika chanuo, mkonge uliwaka moto mkononi mwangu, na wewe badala ya kunipa maji ukacheka. "Huyo mteja ameshakufa, leta mwingine!"

Nilikuchukia siku ile. Ulikuwa mkali, tusidanganyane kwa kuwa umekufa. Mstari wangu ukipinda kidogo uliuliza kama ng'ombe wamepita hapo. Uliponifundisha kupima moto kwa kugusisha chanuo kwenye kipande cha gazeti kuukuu, ulinikataza nisiangalie gazeti peke yake, ninuse. Karatasi ikibadilika rangi, moto ni mwingi. Ikinuka kabla haijabadilika rangi, moto bado ni mwingi. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia harufu ya karatasi iliyoungua, mkono wangu unarudi nyuma wenyewe.

Lakini kuna jambo moja ulilonifundisha bila ukali wowote, na ndilo lililoniletea taabu baada ya kuondoka kwako. Tulipokwenda kwa watu, kabla ya kuingia ndani ulisimama mlangoni ukavua kitambaa cha kichwa. Hata kukiwa na baridi. Hata kama mwenye nyumba anakuambia ingia, ingia. "Duka letu halina kibao," uliniambia, ukigusa nywele zako zilizolala na kung'aa. "Kibao ni hiki. Mtu akione kwanza, kisha aamue." Na mimi ukawa unanichana kila Jumapili baada ya ibada ili nami niwe kibao. Ni wewe peke yako uliyekuwa unanikunja sikio kwa upole namna ile ili chanuo lisiniguse.

Mama Wanjiru alikuja Thika mwenyewe kuzungumza habari ya arusi ya bintiye, unakumbuka, ile siku ya mvua. Alikuwa amehangaika kupata pasi ya kutoka kijijini kwao Gitothua, maana kwa Wakikuyu hali ya hatari iliyotangazwa na serikali imefanya hata safari ya kwenda sokoni iwe ya kuomba. Sisi watu wa magharibi hatusumbuliwi sana njiani, kwa hiyo ukamwambia asirudi tena, tutamfuata bi arusi kwake. Ulimshika mkono ukamwahidi. Kisha kifua chako kikaanza.

Kule hospitali, ulipokuwa huwezi kumaliza neno bila kukohoa, baba akikuombea, wewe ulikuwa unanitazama mimi. "Bi arusi usimwache. Utamchana wewe." Nikakujibu kwamba utamchana mwenyewe, ukafumba macho kwa kuchoshwa nami. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho uliyonipa.

Hatukuweza kukupeleka nyumbani Maragoli. Nataka ujue kwamba baba alijaribu. Alizunguka huku na huku kutafuta lori, akarudi kofia ikiwa mkononi, akakaa chini nje ya nyumba yenu. Tukakuzika hapa hapa Thika, kati ya watu tusiowajua, na tuliokuwepo tuliimba nyimbo za kwetu kwa sauti chache mno. Niliona aibu kwa ajili yako, Shangazi. Mtu kama wewe, aliyekuwa akisikika kabla hajaonekana, kuimbiwa na watu wanaoenea kwenye benchi moja!

Siku ya tatu ikafika, siku ya wafiwa kunyolewa kwa mila yetu. Baba akatoa wembe na beseni la maji. Baba Yakobo akanyolewa, watoto wako wakanyolewa, yule mdogo akicheka kwa sababu ya baridi kichwani. Baba akaninyooshea mkono mimi, na Baba Yakobo akasema, "Huyo mwache. Ana bi arusi Jumamosi. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemtuma."

Wote wakanitazama. Najua baba alitaka ninyolewe, na najua asingenilazimisha.

Nilijua la kufanya ili kazi isiharibike. Nikinyolewa, nitavua kitambaa mlangoni kwa Mama Wanjiru na kuonyesha nini? Na zaidi ya hapo, nani anataka mikono ya mwenye matanga kwenye kichwa cha bi arusi? Hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza peke yangu. Nikifukuzwa pale, habari zitafika Ruiru yote kabla mimi sijafika, na baba atanirudisha kwenye kahawa, si kwa ubaya, ila kwa sababu hakuna kingine. Yote niliyaona. Lakini nilikufikiria wewe ulivyolala kule bila jiwe la kwetu, bila ng'ombe kulia, bila mama yako. Cha nyumbani tulichokuwa nacho cha kukupa kilikuwa nywele zetu. Nikaona kwamba nikibaki nazo nitakuwa nimekuja kwenye msiba wako kama mgeni. Nikakaa mbele ya baba na kuinamisha kichwa.

Hakuwa amewahi kunigusa kichwa tangu nilipokuwa mtoto. Akanikata kidogo juu ya sikio. Nywele ulizozichana wewe Jumapili ya mwisho zilianguka mapajani mwangu zikiwa bado zimenyooka. Nililia hapo, Shangazi. Makaburini sikuwa nimelia.

Jumamosi asubuhi na mapema nilitoka nyumbani kwa baba na kikapu chako, chanuo, mafuta na gazeti. Njia nzima nilijiambia kwamba nitafunga kitambaa vizuri na kukaa nacho. Nani angeniuliza? Kuna baridi, mimi ni msichana wa kanisa, hakuna ubaya. Nikafika mlangoni kwa Mama Wanjiru, nikasimama, na mkono ukapanda wenyewe ukavua kitambaa. Umeniharibu, Shangazi. Hata kudanganya kidogo siwezi.

Mama Wanjiru aliweka mkono mdomoni. "Ngai! Huyu ametoka kwa matanga. Dorika ako wapi?"

Nikamwambia. Alisikitika kweli, machozi yalimlenga, kwa sababu alikupenda tangu siku ile ya mvua. Lakini hakuondoka mlangoni. "Pole, msichana wangu. Pole sana. Lakini hiyo ni thahu, unajisi wa kifo. Mwenye ameshika kifo hawezi kushika kichwa ya bibi arusi. Tutamfunga tu kitambaa aende kanisani hivyo."

Sikubishana naye. Ni mila yao, na hata kwetu wapo ambao wangesema vile vile. Niliinama nichukue kikapu.

Hapo bi arusi akatoka chumbani. Nilikuwa sijawahi kumwona. Mwembamba, mrefu, ni mwalimu wa watoto wadogo, na nywele zake zilikuwa zimeoshwa tayari, zimesimama pande zote. Alinitazama kichwa. Kisha akazungumza na mama yake kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Mama, na sisi tulinyolewa lini? Baba alichukuliwa na askari, tukaambiwa amekufa, tukaogopa hata kulia. Kama ni thahu, iko ndani ya hii nyumba toka siku hiyo. Wacha huyu anichane."

Mama yake akatoka nje. Wanjiru akaketi kwenye kigoda, akanipa mgongo.

Shangazi, nilimchana. Niligawa mistari, na hakuna ng'ombe aliyepita. Chanuo nilipima kwa gazeti, nikanusa, nikangoja. Masikio yake niliyakunja kama ulivyoyakunja yangu. Hakushtuka hata mara moja, ila karibu na mwisho mabega yake yalianza kutikisika, nikadhani nimemchoma, kumbe analia. Nikasimamisha chanuo mpaka amalize, nikaliweka tena motoni, tukaendelea. Zikalala zote mpaka shingoni, nyeusi, zinang'aa. Alipotoka nje, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatafuta uso wako kati yao. Nilitaka uniambie palipopinda. Nilitaka hata unitukane.

Mama Wanjiru hakunitazama siku ile. Nilikunja vyangu nikarudi kwa baba, nikijua kwamba bi arusi amependeza ila nyumba hiyo haitaniita tena.

Wiki iliyofuata akatuma mtu. Alitaka niende, tena niende na wembe.

Nilimkuta peke yake, mlango umefungwa ingawa ilikuwa mchana. Alivua kitambaa. Alikuwa na nywele nyingi zaidi ya nilivyofikiri, zenye mvi, zimesokotana kwa kukaa muda mrefu bila kuchanwa. Akaketi kwenye kigoda kile kile cha bintiye. "Ninyoe. Ni ya mzee wangu. Nilikuwa naogopa askari wataniuliza namlilia nani."

Hukunifundisha kunyoa. Ulinifundisha kunyoosha, kusuka, kugawa, vyote vya kuongeza. Nililowesha kichwa chake kwa maji ya vuguvugu, nikashika wembe kama nilivyomwona baba akiushika, ila sikumkata hata mara moja. Alilia kwa sauti ndogo sana, jina la mumewe akilirudia rudia. Mimi niliendelea polepole. Nilipomaliza, alikusanya nywele zote ndani ya kitambaa, akatoka nyuma ya nyumba, akachukua jembe, akachimba karibu na migomba, akazifukia. Alisimama pale muda mrefu huku mikono ameikunja.

"Sasa niko na mahali pa kusimama," akaniambia.

Tangu hapo wananiita. Gitothua, Mugutha, hata hapa Thika. Mara nyingine ni arusi au ubatizo, nabeba chanuo. Mara nyingine mwanamke ananinong'oneza tu, nami najua nibebe wembe na niende mchana kama mtu anayepita. Baba hajataja kahawa tena. Wateja wako wa zamani wanasema mkono wangu ni mwepesi kuliko wako, na mimi nawaambia waache uongo, ingawa moyoni nafurahi kidogo. Utanisamehe hilo.

Kutoka nyumbani tumepata neno. Nyanya, mama yako, amekataa kunyolewa. Wanawake walikwenda kwake na wembe akawarudisha. Anasema mtoto wake yuko Thika anachana watu nywele, na kwamba hataweka kichwa chake mbele ya wembe kwa habari za kuletewa na watu wa njiani. Bado anakuwekea mtama.

Kwa hiyo nakuahidi, na baba amekubali. Watoto wako wakifunga shule nami nikipata nafasi kwenye gari la moshi, nitapanda niende Maragoli. Nitachukua udongo kidogo wa kaburi lako ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Nitasimama mlangoni kwa nyanya kichwa wazi ili aone mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Akitaka kunifukuza, nitangoja nje. Akikubali, nitamlowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu na kumnyoa taratibu, kisha nitamwonyesha udongo aamue mahali pa kuuweka.

Kwaheri, Shangazi. Lala. Mama yako nitamfikishia mtoto wake mimi mwenyewe.

Binti wa kaka yako,
Rispa