Wa Tatu Kutoka Kushoto

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, cherehani nayo bado inadunda. Nasikia ukurasa wako una wafuasi kibao wanaosifu ubunifu wetu wa kushonea wanafunzi pedi za vitambaa. Hongera zako.

Nilikwambia uonyeshe pedi, sura za wasichana uziache. Ukaona pedi hazivutii, ukawaanika wenyewe pichani. Sasa wavulana shuleni wanawazomea, na hakuna msichana anayekanyaga tena kwangu. Nikikupigia, unanijibu kwamba picha hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Wa tatu kutoka kushoto ni binti yako. Hukumtambua, maana ulimwacha akitambaa. Shule ameacha. Jana aliniuliza mwenye ukurasa huo ni nani.

Ifute picha hiyo kabla sijamjibu.

Ni mimi dada yako, niliyekulelea mwana.